Baisa Mia Tano

Dukani, Sib, mipira mitatu ya kurusha na kudaka
imelazwa ndani ya boksi kama mayai ya tausi:
riali saba na nusu.
Thureya akaitazama, kisha akanitazama mimi,
kisha akasema, "Si kitu, baba," kwa sauti ya mtu mzima.
Ana miaka tisa. Sauti ile ndiyo iliyoniuma.

Tangu kampuni itupe barua, mwezi wa Shaaban,
mikono yangu inashinda mapajani.
Nikaiambia: haya, kazi imepatikana.

Wa kwanza niliujaza mchanga wa nyuma ya nyumba.
Ibra mchanga si haba, wala hauna bei.
Ukavuja. Zulia likawa jangwa,
na Rayya akapita na ufagio pasi na neno.
Nyumba hii, neno lisiposemwa ndilo linalosikika.

Wa pili, kokwa za tende.
Tulikula khalasi wiki nzima, watu watatu, kwa bidii,
nikaziosha kokwa, nikazianika juu ya paa,
jua la Juni likazikausha kabla sijashuka ngazi.
Zikagongana ndani ya soksi kama meno ya mwenye homa.
"Huo mpira au kayamba?" Rayya akauliza.
Nikafurahi. Lilikuwa neno.

Mchele alikataa: chakula hakirushwi.
Dengu je?
Akanyamaza, nami nikaandika kunyamaza kule kuwa ndiyo.
Nusu kilo, baisa mia tatu. Pakiti ya maputo, mia mbili.
Mizani niliiazima kwa Mwadh muuza bizari,
gramu mia na thelathini kila mmoja, nikitoa punje, nikirudisha punje.
"Unapima dhahabu?" akacheka.
Sikumjibu, nilikuwa nahesabu.

Dengu zitie katika mfuko wa plastiki, ukunje mara mbili.
Puto likate shingo, litanue kwa vidole vinne,
uuvishe mfuko kama unavyomvisha fulana mtoto anayelia.
La pili livae kinyume, lizibe tundu la mwenzake.
Rangi usichague. Zetu nyekundu na kijani;
ya manjano niliisahau ndani ya gari, joto likaila,
nyeupe ikashika nafasi.

Thureya akirusha huhesabu Kiarabu,
ukimponyoka hulalamika Kiswahili:
wahid, thnein, aka!
Mimi hata hiyo thnein sikuifikia.

Saa nane za usiku, mwanga jikoni. Nikadhani friji iko wazi.
Rayya, kanga kiunoni, miguu mitupu,
mipira mitatu inapanda na kushuka mbele ya uso wake
bila kishindo, bila haraka,
kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

"Wete," akasema, hakugeuka, "tulirusha machenza. Mimi na Ghanima.
Tukitumwa kuuza, tunayarusha njia nzima.
Yaliyopasuka, tunakula."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa
na sikuwahi kusikia habari za machenza.
Sikuwahi kuuliza.

"Wewe unatazama mikono. Mikono haijui kitu.
Tazama kule juu, pale mpira unapochoka kupanda.
Ukichoka, hapo ndipo umrushe mwenzake."
Akanipa ule mweupe. Una joto la kiganja chake.

Nikarusha. Nikatazama pale.
Kwa kweli huchoka: husimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Nikarusha wa pili. Wa tatu ukagonga pembe ya meza
na dengu zikamwagika hadi mlangoni.

Tukapiga magoti, tukiziokota moja moja,
kila mmoja kaziba mdomo kwa kanga ileile
cheko lisije likamwamsha mtoto.

Asubuhi nikarudi kwa Mwadh na puto jipya.
Mia na ishirini na saba.
Gramu tatu ziko chini ya friji.
Rayya kasema waachiwe sisimizi, nao wana watoto.