Amerudi

Ilipita saa nne asubuhi, barabara ya Katuba,
pikapu nyeupe, spika nane mgongoni,
na ndani ya spika, mimi.
Sauti yangu, ile ya mwaka wa mafua,
niliyoirekodi kwa Monga kwa deni
jenereta ikikohoa nyuma ya ukuta.

Hakuna aliyeniomba.

Wimbo ule niliitungia sahani:
sahani ya bati, bukari na sombe,
mama aliyoifunika kila jioni
tangu baba aende Kolwezi kuchimba.
"Atarudi," niliimba, "atarudi,"
maana ndivyo mama alivyosema akifunika,
na asubuhi tulikula kiporo kimyakimya,
watoto watano,
tukilishwa na asiyekuwepo.

Sasa mheshimiwa, aliyetuaga miaka mitano iliyopita
kwa fulana na kilo mbili za unga,
anazitaka kura tena.
Fundi wake ana mkasi mkali:
amechomoa "ame" katika "amesahau", ubeti wa tatu,
akaishona juu ya "rudi".
Amerudi! Amerudi! napiga kelele mtaa mzima
kwa koo langu mwenyewe,
pumzi haikatiki, mshono hauonekani.
Kazi nzuri. Ningemlipa, kama ningekuwa nimelipwa.

Kishimba kinyozi ananipigia saluti: "Umekula, baba!"
Mama Ndaya wa makala anakumbuka deni
nililokwisha kulisahau.
Nikikana wanacheka. Nani huimba bure
kwenye gari lenye spika nane?

Nilikwenda ofisi ya chama na daftari langu,
kurasa zimeoza pembeni, tarehe zipo.
Karani akalipekua kwa kidole kimoja,
akasema wimbo ni mali ya wananchi,
akanipa kofia yenye picha.
Kubwa. Ilinifunika masikio.

Jioni pikapu ikapita uchochoro wetu.
Mama siku hizi haoni vizuri,
lakini sauti ya mwanawe haimpotei.
Nilimkuta amesimama mlangoni,
kitenge kipya kiunoni, kile cha Noeli,
sahani mikononi, kifuniko ameshakivua,
uso ameuelekeza huko vumbi lilikokwenda.

"Umesema amerudi," akaniambia.
"Kwa nini hukuniambia mapema?
Ona, bukari imepoa."