Kauli ya Kutendwa

Darasa letu liko juu ya karakana ya matairi,
na kila pampu inapokohoa huko chini
Bi Tsendsuren husita, chaki ikiwa hewani,
kisha huendelea na kitenzi pale alipokiacha.
Saa moja jioni, Dalanzadgad. Baridi inapasua ndoo.
Tumevua glavu ya mkono mmoja tu, wa kuandikia.

Tuko sita. Gantumur anataka kwenda Perth
kuendesha malori makubwa kuliko nyumba aliyozaliwa.
Uyanga anataka alama, basi;
hukusanya alama kama wengine wanavyokusanya stempu.
Mimi kwenye fomu niliandika: kujiendeleza.

Mwezi wa kwanza tulipigana na kile kijineno
cha herufi tatu, kinachoitangulia nomino
kama mbwa anayemtangulia mwenyewe.
Lugha yetu haina. Tukisema mlima, ni mlima.
Waingereza huuliza: upi? Ule tuujuao sote, au wowote?
Gantumur alikitia kila mahali, kama chumvi kwenye chai,
na Bi Tsendsuren akakinyofoa kwa wino mwekundu,
kimoja kimoja, kama kupe kwenye sikio la mbuzi.

Mwezi wa pili, jana ya jana:
tendo lililokwisha kabla ya lile lililokwisha.
Hapo niliona raha. Kitenzi kisaidizi, chembamba,
kinakaa mlangoni kikitaja nani alitangulia kuingia.
Kisha masharti. Uyanga akauliza:
hii ya lau ningalijua, hutumika wapi?
"Kwa mambo yasiyotengenezeka tena,"
alisema mwalimu, akafuta ubao upesi.

Usiku huu ni kauli ya kutendwa.
"Mtenda asipojulikana,
au asipotakiwa kujulikana,
tunamtoa. Sentensi husimama bila yeye."
Basi tumevunja madirisha, hatukuyavunja sisi: yalivunjwa.
Keki imeliwa, hakuna aliyekula.
"Mwalimu," Gantumur anasema, "hii ni sarufi ya mdogo wangu!"
Hata mimi nimecheka.

Lakini mkobani mwangu mna karatasi nne
zilizokunjwa hadi mikunjo ikawa myeupe.
Ripoti ya kampuni, ya Kiingereza,
kuhusu mgodi, zamu ya usiku,
na mkono wa kulia wa baba yangu.
Miaka miwili nimeisoma kwa kamusi.
Kila neno nililijua,
na bado ilikuwa kama kuitazama nyumba usiku,
taa zinawaka vyumba vyote, mtu haonekani.

Sasa naifungua chini ya dawati. Ukurasa wa tatu.
Kinga ya mkanda ilikuwa imeondolewa.
Jana ya jana, na ya kutendwa: masomo mawili katika mstari mmoja.
Onyo lilikuwa limetolewa. Halikuzingatiwa.
Mtambo uliwashwa.
Nahesabu kwa penseli: kumi na tisa.
Kurasa nne nzima, na sentensi moja tu
ndiyo yenye mtu anayetenda kitu:
Mfanyakazi aliingiza mkono.

Pampu inakohoa. Nimenyoosha kidole.
"Mtu akitaka kumrudisha mtenda?"
"Anakaa mwishoni," anasema Bi Tsendsuren,
"baada ya kihusishi. Si lazima."
Ananitazama. Anaitazama karatasi.
Safari hii pampu imenyamaza, naye bado amesita.
"Si lazima," anarudia polepole, "ila inaruhusiwa."

Nyumbani baba anabandika chai kwa kushoto,
kifuniko kimeanguka, hataki niokote.
Nafanya zoezi. Sentensi kumi na tisa, naziandika upya,
safi, kwa hati ya shule:
Kinga iliondolewa na
na hapo naacha nafasi.
Nimeipima kwa rula.
Jina linatosha, na cheo.