Namba ya Bwana Qu

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Mimi ya tatu nilipewa laini ya simu
na binti mwenye kucha za kijani, kaunta namba tisa,
aliyelikata jina langu mara mbili
lipate kuenea kwenye visanduku vya fomu.
Bila namba, alisema, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo,
huli, hunywi, hupandi basi.
Kweli. Maji, gesi, bakuli la tambi, lango la nyumbani,
kila kitu Shenyang huanza na tarakimu kumi na moja.

Hakuniambia kwamba zangu zilikuwa mtumba.

Simu ya kwanza iliita nikipiga mswaki.
"Bwana Qu?"
Na sentensi yangu ya kwanza kamili katika lugha ya hapa
haikuwa salamu wala shukrani. Ilikuwa:
Mimi siye.

Lugha yao haina ngeli. Nilishangilia mapema mno.
Ina mabonde: neno lilelile
likibonyea umenunua, likianguka umeuza,
na mimi sokoni niliuza nyanya za watu wiki nzima
kabla muuzaji hajanionea huruma.

Kila Alhamisi Luan hupanda ghorofa saba, dumu begani,
huvisha viatu vyake mifuko ya plastiki mlangoni
asinichafulie sakafu ambayo mwenyewe siifagii.
Bakshishi hataki. Nilipomshikilia noti
aliitazama kana kwamba nimempa soksi.
Siku nyingine mzigo hulala kabatini kule chini,
kabati huniomba tarakimu sita,
nazo tarakimu zimetumwa kwa Kichina, na mimi
nimesimama na barafu kwenye kope nikibahatisha.

Qu alikuwa mtu wa watu, hilo nimelijua.
Duka la dawa: vidonge vyako vya presha.
Kinyozi: mbona kimya.
Mtu wa bima, asubuhi, mchana, asubuhi.
Tarehe kumi na nne Oktoba mashine yenye sauti ya kike
ilimtakia maisha marefu. Nilimsikiliza hadi mwisho.
Jioni nikaagiza zile tambi ndefu wanazokula siku ya kuzaliwa,
nikazila bila kuzikata,
kwa niaba.

Kisha Mama Tong, fundi viatu.
"Vyako vimekaa tangu Machi. Kibanda changu si ghala."
Mimi siye, nikasema.
"Nasikia kwamba siye. Lakini namba ni hii."

Nilikwenda. Yuan kumi na mbili,
nililipa kwa kuupiga picha mraba wa madoadoa
uliobandikwa ubavuni mwa cherehani yake.
Viatu vyeusi, vya ngozi, vya mtu anayekanyaga upande wa kushoto.
Visigino vipya kabisa.
Sikumuuliza Mama Tong yaliyompata mwenyewe.
Maneno ya kuuliza ninayo. Ya kupokea jibu, bado.
Nikaviweka mlangoni, ncha zikitazama nje,
kando ya vyangu, ambavyo kwa kweli
vilikuwa vimechoka kukaa peke yao.

Novemba mji ukafungulia maji ya moto.
Jengo zima likapata joto, mimi nikapata mlio.
Akaja fundi Guan na beseni na ufunguo mdogo wa shaba,
akapiga magoti kwenye bomba la chini ya dirisha
na kulitoa pumzi, ssss,
pumzi ndefu yenye harufu ya kutu,
mpaka matone meusi yakaanza kudondoka.

Akiondoka aliviona.
"Mzee yupo?"

Ametoka, nikasema.

Hakuniambia nirudie. Sauti, basi, iliangukia mahali pake.
Akatikisa kichwa kama mtu anayewajua wazee,
akainama, akaviokota vile viatu vyote viwili,
akavisogeza karibu na bomba
avikute vina moto.