Kuiaga Chupa ya Kahawia

Chupa ya kahawia, leo nakushusha rafuni.
Miaka kumi na tisa umekaa upande wangu wa kushoto,
na lile fuvu kwenye lebo yako limefifia
mpaka yamebaki meno tu.

Hapa Oruro, mita elfu tatu na mia saba
juu ya bahari ambayo wengi wetu hatujaiona,
hewa ni haba, hivyo damu ni nzito.
Mtu wa bondeni akizisoma namba zetu
atadhani sote tuna afya ya fahali.
Sisi tunatoa kwanza, ndipo tunahukumu.

Ulikuwa kipimo cha kweli, sikukanushi.
Mikrolita ishirini za damu
ndani ya mililita tano za maji yako ya manjano,
dakika kumi za kusubiri,
kisha mwanga wa kijani ukapita na kutaja namba.

Lakini Don Eleuterio, aliyenifundisha,
alikuvuta kwa mdomo.
Pipeti ya kioo midomoni, jicho kwenye mstari,
kama mpishi anayeonja chumvi.
"Sianidi yenyewe chembe tu," alisema, "haiui hata paka."
Kweli, hukumuua. Alikwenda na mapafu,
vumbi la ujana wake mgodini.

Ila siku ile Froilán wa usafi
alipomwaga asidi sinkini aondoe ukoko,
na mabaki yako yamelala kwenye kiwiko cha bomba,
harufu ikapanda: lozi chungu.
Mimi niliisikia. Yeye hakusikia kitu;
kuna pua ambazo hazikufundishwa neno hilo.
Nilimkokota kwa kola hadi uani,
tukaketi kwenye baridi tukicheka kama walevi,
kisha akatapika.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Wewe hukuwa nguoni.
Ulikuwa kwenye orodha ya vifaa, una muhuri, una saini.

Sasa imekuja hii nyingine, haina rangi, haina meno.
Nilipolisoma jina lake refu nilicheka peke yangu:
ni ukoo wa sabuni, povu lile lile la shampuu.
Huipasua chembe nyekundu, huishika himoglobini,
na asidi ikidondokea humo
hakuna anayekimbilia uani.

Sikuiamini upesi.
Damu za watu hamsini na wawili nilizipima mara mbili,
kwako na kwake, usiku, kliniki ikishafungwa.
Namba zilifuatana kama watoto wa tumbo moja,
isipokuwa ya thelathini na nane:
niliitikisa kwa pupa, povu likajaa, mwanga ukababaika.
Nayo ina miiko yake. Pindua polepole.

Hapo nikamkumbuka mama na beseni lake,
na shati la baba siku aliporudi bega limechanika.
"Damu haiogopi maji," alisema akifikicha,
"inaogopa sabuni."
Mama hakuwahi kuingia maabara.

Asubuhi hii wa kwanza alikuwa Yhovana Colque, miaka minne,
viatu mguu tofauti.
Akashika meza yangu, akatia kidole kinywani.
Mkono wangu uliruka kwa mazoea,
halafu ukatulia hewani, haujui uende wapi.
Kumi na moja nukta sita.
Nikatoa ya mlima, nikaandika: dawa ya madini ya chuma, miezi mitatu.

Na wewe?
Lori la taka za sumu halifiki huku.
Nimeandika barua mbili; nimejibiwa nisubiri.
Huko migodini ndugu zako wanamwagwa kwa pipa,
nami nimebaki nawe, nusu lita,
ndani ya kabati la chuma, mbali na asidi yoyote,
ufunguo shingoni mwangu karibu na rozari.

Usiku, nikijigeuza kitandani,
vinagongana.