Mahameli ya Bi Otylia

Sofa limerudi Łódź na lori la Jumatano,
limeviringishwa nailoni kama mgonjwa,
na mgongoni karatasi, mwandiko wa wino:
"Niliagiza damu ya mzee. Mmeniletea bitiruti."
Otylia Wrzesińska, Pabianice, orofa ya tatu.
Meneja akaiweka picha yangu kando ya sofa,
akanyamaza.

Picha ni yangu, Bi Otylia, ila sofa halikupigwa picha.
Nililijenga kwa namba, mbao zikiwa bado hazijakatwa:
mguu wa mwaloni, mshono, kifungo, tundu la kifungo,
na dirisha lisilokuwepo
likiingiza asubuhi ambayo haijawahi kucha.
Vumbi sikulitia.
Nani hununua vumbi?

Mahameli ni kitambaa kisumbufu.
Hariri humeta, yakaisha. Ngozi hung'aa, yakaisha.
Mahameli ina malaika, kama mkono wa mtu,
na kila laika limelala upande wake:
papasa huku, kiza; papasa kule, kingo zinapauka
kama shavu la mtoto jua likiwa nyuma yake.
Siku nne niliutafuta mpauko huo.
Mara sofa likawa plastiki. Mara nyama mbichi buchani.
Usiku wa tatu lilionekana limenyeshewa.
Kompyuta inahema, feni inalalama,
chembe za nuru zinatua kwenye skrini mojamoja
kama chenga za mchele kwenye ungo,
hadi saa tisa za usiku picha ikatulia,
nikasema, hilo. Ndilo.
Kisha nikaongeza wekundu.
Kidogo tu,
kama mpishi anayeonja mchuzi huku ana njaa.

Ijumaa nikapanda tramu kuja kwako,
mkobani kadi ya kijivu, kipande cha mahameli
na kipimarangi cha ofisi.
Ulinifungulia mlango, hukunikaribisha.
Dirisha lako linatazamana na ukuta wa jirani,
ukuta wa haradali,
na mwanga wa Novemba huugonga huo kwanza
ndipo uingie kwako umeshabadili dini.
Taa ni moja, ya bei rahisi, nyeupe ya wodini.
Na kiti. Kwenye barua hukukitaja kiti.
Cha mama yako, mahameli kuukuu, damu ya mzee hasa,
imenyonyoka pale viwiko vilipokaa.
Nikalaza kipande changu juu yake.
Ngazini walikuwa ndugu, baba mmoja mama mmoja;
sebuleni mwako hawajuani.
Kipimarangi kikasema tofauti haihesabiki.
Kina taa yake chenyewe tumboni, hakikujali yako.
Ukakitazama
kama anavyotazamwa shahidi aliyenunuliwa.

Basi nimelijenga upya.
Nimeusimamisha ukuta wa jirani, nimeining'iniza taa yako,
nimeutoa ule wekundu wa njaa,
nimetia vumbi, si haba,
na kiti cha mama pembeni, viwiko vyake vikiwa vitupu.
Sofa limekaa hapo, bitiruti iliyolala,
zito, la kweli, halipendezi.
Meneja ameliangalia, ameuliza nani kafa.
Anasema katalogi haiuzi Novemba,
kizuri chajiuza.
Kweli chajiuza. Waliosema hawakusema
kikifika nyumbani kwa mtu chafanya nini.

Haikuchapishwa. Nilikutumia wewe peke yako,
kwenye karatasi isiyong'aa,
na maelezo nyuma: itazame pale pale,
jioni, taa imewashwa.
Wiki mbili kimya.
Leo bahasha, wino uleule:

"Ndilo hilihili.
Wala silitaki."