Vali ya Nzaro

Aliileta asubuhi, imefungwa kwa leso ya mkewe,
ampu nzito kama gunia la simiti,
akaitua mezani pangu hapa Guraya:
"Jana, katikati ya arusi, imekata kauli."

Nikaifungua nyuma. Vumbi, bawa la mende,
na ile vali ya kunyoosha umeme, jirani ya transfoma:
fedha ya utosini mwake imekuwa nyeupe, nyeupe ya maziwa.
Hewa imeingia.
Vali ikishavuta hewa imekufa,
kinyume na sisi.

Nairobi wataka elfu saba na wiki tatu.
Kwenye kopo nina daiodi, shilingi kumi kumi,
mfano wa punje za mchele zilizoungua.
"Hazina moto, hazina kioo," nikamwambia, "wala hazizeeki."

Nikachoma risasi. Nikapima: volti zimepanda hamsini.
Akachomeka gitaa, akapiga.
Sauti ikatoka papo hapo, kavu, imenyooka kama rula ya mwalimu.
Muuza mbaazi akageuka.

"Mwanakombo," akasema, "yanijibu upesi mno."

Ile ya kioo, ukiipiga kwa nguvu,
hunywea kwanza, hulegea magoti,
kisha hujikusanya, na noti ikachanua nyuma ya kidole.
Ni udhaifu. Babangu alinifunza hivyo, na vitabu vyake pia:
umeme wapungua pale pale unapouhitaji.
Lakini mkono wa Nzaro umeuegemea upungufu huo
miaka kumi na tisa,
kama mtu na mlango wake wenye bawaba mbovu.

Nikatia rizista njiani, ya wati kumi, kijiwe cheupe,
ili daiodi zijifunze kuchoka.
Akapiga tena. Akainamisha sikio.
"Yafanana. Kama mtu anayeigiza kuchechemea."

Akaikwaruza kodi moja kubwa, kwa hasira,
na stima ikapotea mtaa mzima.
Feni ikasita. Kapasita zikawa zamaliza akiba yao,
kodi ikashuka, ikalegea, ikazama taratibu
hadi tukasikia nyuzi tupu.

"Hiyo!" akaruka. "Hiyo ndiyo!"

"Hiyo ni stima kukatika, Nzaro. Hiyo siiuzi."

Akalipa mia nne, akajitwika. Jumamosi ana arusi Mikindani.
Vali iko dirishani bado, na weupe wake.
Sijui kwa nini siitupi.