Nafasi

Wiki ya tatu sasa, Mwana Kheri hajalipwa.
Hapa ghalani Shimanzi tuko watu mia na kumi na wawili,
wote ujira wao umeingia,
isipokuwa yeye, apangusaye ofisi na kutupikia chai.
Uhasibu wasema: mashine imemkataa.

Basi nimebaki usiku huu na skripti ya Badi,
mistari arubaini aliyotuachia alipokwenda Doha,
na juu yake maneno: "Yafanya kazi. Usiguse."
Kiyoyozi chadondosha maji ndooni.
Kreni za Kilindini zalia kila zirudipo nyuma.

Nilishuku ruhusa; ruhusa zi sawa.
Nilishuku diski; ina nafasi tele.
Nikashuku saa, nikashuku ratiba ya usiku,
nikamshuku Badi, nikamtukana kimoyomoyo,
nikatia koma mahali, nikaitoa.
Saa saba na robo ndipo nilipouona ule mkia
mwishoni mwa mstari wa kumi na tisa:
kila lalamiko la mashine, Badi alilielekeza
kwenye shimo lisilo na chini,
asubuhi skrini iwe safi, bosi alale.

Nikaukata mkia. Nikaendesha tena.
Mashine, iliyozibwa mdomo miaka minne, ikanena:

"Mwana: hakuna faili kama hilo.
Kheri: hakuna faili kama hilo."

Nilicheka, kisha sikucheka.
Wengine wote karani wa zamani aliwaunga kwa kistari cha chini,
Tsuma kwa Mbeyu, Shee kwa Mbwana.
Huyu, karani mpya alimwandika kama aitwavyo,
na pengo moja jembamba kati ya mwana na kheri.
Mashine haijui jina. Yajua pengo.
Ilimkata pale pale, ikaenda kutafuta watu wawili,
ikawakosa wote wawili,
ikaendelea na orodha.

Dawa yake ni ndogo hata naona haya kuitaja:
fungua semi, alama ya dola, jina, funga semi.
Vijialama kama vipuli, huku na huku,
ndivyo vimshikavyo mtu asikatike.

Nikaendesha. Kimya.
Kwetu mafundi kimya ndiyo kheri,
mashine ikitengenea haisemi.
Lakini usiku ule kimya nilikuwa sikiamini tena;
nikalifungua faili kwa mkono wangu,
nikaisoma hesabu yake senti kwa senti,
wiki tatu, na ile siku ya Idi aliyokuja kazini.

Asubuhi akaja na birika, na mahamri ndani ya gazeti.
"Ilikuwani, mwanangu?"
Nikamwambia: nafasi tu.
Birika likasita juu ya kikombe.
"Nafasi yangu? Yaondolewa?"

Nikatafuta neno jingine, sikulipata.
Nikamgeuzia skrini.